Mlinzi wa Pumzi

(Mahubiri ya Dominika ya Pentekoste)



Injili ya leo inatuingiza katika chumba ambacho milango yake imefungwa kwa hofu. Bwana mfufuka anasimama katikati ya wanafunzi wake, anawatakia amani, kisha anawavuvia pumzi yake na kuwapa Roho Mtakatifu. Nacho kitabu cha Mwanzo, katika sura yake ya pili, kinatusimulia kwamba hata mtu wa kwanza alibaki udongo tu, pamoja na kufinyangwa kwake vizuri, mpaka Muumba alipompulizia puani pumzi ya uhai.

Basi leo tuitafakari pumzi yenyewe, hii hii tunayoivuta wakati huu tukisikilizana. Tuone jinsi mwili unavyoilinda, na hapo tutaelewa tunadaiwa nini kwa ajili ya pumzi ya wenzetu.

Tuanze kwa kuungama jambo moja. Miaka mingi iliyopita, tukiwa padre kijana katika parokia ya milimani, katekista alitugongea mlango usiku wa manane, majira ya mvua. Mtoto wa miezi minane alikuwa mahututi, na wazazi waliomba abatizwe. Tulitembea mwendo wa saa nzima matopeni. Tulimkuta mtoto amefunikwa mablanketi, mlango na dirisha vimefungwa kwa sababu ya baridi. Tulimbatiza. Kisha mama yake akatuuliza, "Padre, mbona mwanangu anahema hivi?" Tukamjibu kwamba ni joto la homa, tumwachie Mungu usiku ule, na kukipambazuka apelekwe zahanati. Kabla ya jogoo kuwika mtoto alifariki.

Mkononi tulikuwa na saa. Tuliitazama mara moja tu, ili tuandike katika daftari saa ya ubatizo. Hatukujua kwamba saa ile ile ingeweza kutujibia swali la mama. Hayo tulifundishwa baadaye, na mtawa mmoja muuguzi, aliyetusikiliza hadi mwisho bila kutulaumu, kisha akasema, "Padre, siku nyingine hesabu." Tangu siku hiyo tumejifunza tulichoweza kuhusu pumzi, na tunayowaambia leo ni matunda ya somo hilo.

Ndugu wapendwa, wekeni mkono juu ya tumbo, chini kidogo ya kifua, mtulie. Mtu mzima asiye na kazi wala wasiwasi hupumua kati ya mara 12 na mara 20 kwa dakika. Tukichukua mara 15, kwa siku moja ni pumzi 21,600. Ni nani kati yetu aliyezisimamia pumzi hizo jana? Usiku tulilala fofofo, wala hatukumwachia mtu zamu. Hata hivyo asubuhi tuliamka.

Zamu hiyo hushikwa na sehemu ndogo ya ubongo, iliyo chini kabisa, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Huitwa shina la ubongo. Mapema katika karne ya 19 tabibu Mfaransa aitwaye Legallois alionyesha kwamba mnyama aliyeondolewa sehemu za juu za ubongo aliendelea kupumua, lakini sehemu hii ndogo ilipoharibiwa, pumzi ilikoma papo hapo. Kutoka hapo amri hushuka kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na hadi kwenye misuli iliyo katikati ya mbavu. Kiwambo kikijikaza hushuka, kifua hupanuka, na hewa huingia. Kikilegea, hewa hutoka. Mkono wenu ulio juu ya tumbo unakisikia sasa hivi kikipanda na kushuka.

Lakini mlinzi huyo anajuaje lini aongeze pumzi na lini apunguze? Wengi wetu tungejibu kwamba hupima oksijeni, ile hewa safi tunayoihitaji. Jibu hilo ni nusu tu ya kweli. Mwili unapounguza chakula ili upate nguvu, hutoa hewa chafu iitwayo kabonidayoksaidi, kama vile jiko linavyotoa moshi. Damu huibeba hewa hiyo hadi mapafuni ili itolewe nje. Ikizidi, damu na maji yanayouzunguka ubongo huongezeka uchachu. Mlinzi huuonja uchachu huo, na mara huagiza pumzi ziwe nyingi zaidi na zenye kina zaidi, mpaka kipimo kirudi mahali pake. Ukipungua mno, hutuliza pumzi.

Mwaka 1905, huko Uingereza, wanasayansi Haldane na Priestley walipima hewa inayotoka ndani kabisa ya mapafu. Waliona kwamba kabonidayoksaidi ikiongezeka humo kwa kiasi cha sehemu mbili tu katika elfu, hewa inayoingia mapafuni na kutoka huongezeka maradufu. Tazameni jinsi kipimo hicho kilivyo chepesi! Muuza chumvi mwenye mizani ya namna hiyo angeigundua hata punje moja iliyopungua.

Oksijeni nayo ina walinzi wake. Wanakaa hasa shingoni, pale mishipa mikubwa ya damu inapogawanyika ikielekea kichwani. Kwa kuchunguza mambo hayo, Corneille Heymans wa Ubelgiji alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938. Walinzi hao hupaza sauti kwa nguvu pale tu oksijeni inapopungua sana. Kazi ya kila siku, saa kwa saa, huongozwa zaidi na ule mzigo wa hewa chafu.

Jaribuni kubana pumzi. Baada ya muda mfupi kifua kinaanza kudai, na mwishowe kinashinda. Kinachotutesa wakati huo zaidi ni hewa chafu inayolimbikizana, kuliko upungufu wa ile safi. Mtoto mkaidi anayebana pumzi ili amtishe mama yake hawezi kujiua kwa njia hiyo; hata akizimia, mlinzi atarudi kazini na kumpumulia. Tumeruhusiwa kuiazima pumzi kwa muda, ili tuseme, tuimbe, tupulize moto au tupige mbizi. Kisha ni lazima tuirudishe kwa mwenyewe.

Sasa, wapendwa, tusikilize kwa makini jambo la wingi wa pumzi na kina chake, kwa maana hapa ndipo tulipokosea usiku ule. Pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia ni kama nusu lita ya hewa, yaani mililita 500. Katika hizo, kama mililita 150 huishia njiani, kooni na katika mirija, bila kufika panapobadilishwa hewa. Zinazofaa ni 350. Akipumua mara 15 kwa dakika, hupata zaidi ya lita tano za hewa yenye kufaa. Mtu mwingine apumue juu juu, mililita 250 tu, lakini mara 30 kwa dakika. Jumla ya hewa inayoingia na kutoka ni ile ile kwa wote wawili, lita saba na nusu. Lakini huyu wa pili, kila pumzi inampa mililita 100 tu zenye kufaa, na kwa dakika nzima anapata lita tatu. Anahangaika maradufu na kuvuna pungufu.

Ndiyo hali ya mtoto mwenye kichomi, ambacho hospitalini huitwa nimonia. Vifuko vidogo vya hewa mapafuni hujaa usaha na majimaji. Pafu hukakamaa. Kulivuta pafu gumu kwa kina ni kazi kubwa mno kwa kifua laini cha mtoto. Kwa hiyo mlinzi huagiza pumzi fupi fupi, nyingi, haraka haraka. Kule kuhema alikotuonyesha mama yule kulikuwa kilio cha mlinzi. Mtoto wa miezi minane hawezi kusema kwamba kifua kinambana. Pumzi yake ilisema kwa niaba yake, nasi tulidhani ni joto la homa tu.

Msidhani kwamba jambo hilo ni la zamani. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 walio chini ya miaka mitano. Wengi wa watoto wa namna hiyo huweza kupona kwa dawa zisizo za gharama kubwa, endapo watafikishwa mapema.

Basi shikeni hesabu hii, nanyi makatekista muiandike. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Mfunueni kifua. Tazameni kinavyopanda na kushuka, mkahesabu kwa dakika moja kamili, msikadirie kwa nusu dakika. Mtoto aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Mhesabuni tena ili kuhakikisha. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, hatari huanzia pumzi 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, huanzia pumzi 40. Na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea kwa ndani mtoto avutapo pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amepatwa na degedege, au amelegea hata haamki, hapo hakuna kungoja mapambazuko. Apelekwe kwa mganga saa hiyo hiyo.

Mlinzi huyu mwaminifu, hata hivyo, anaweza kudanganywa, na mara nyingi wanaomdanganya ni sisi wenyewe. Wanaoupanda mlima Kilimanjaro wanalijua jambo hilo kwa sehemu. Kileleni, mita 5,895 juu ya bahari, kila pumzi huwa na takriban nusu ya oksijeni inayopatikana pwani. Walinzi wa shingoni hupiga kelele, na mpandaji huhema sana. Lakini kwa kuhema hivyo hupoteza hewa chafu nyingi, na mlinzi wa shina la ubongo, akionja kwamba uchachu umepungua, huagiza utulivu. Mmoja anasema ongeza, mwingine anasema punguza. Ndiyo sababu mgeni wa mlimani usiku husikika akipumua kwa nguvu, kisha kunyamaza kidogo, kisha kuanza tena. Siku chache zikipita, mafigo husaidia kurekebisha kipimo. Waongozaji wa mlima husema "pole pole", nao wana haki; mwili unahitaji muda wa kupatanisha walinzi wake.

Udanganyifu ulio mbaya zaidi uko katika nyumba zetu. Tunasema nanyi mnaoishi nyanda za baridi, mnaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga kila tundu ili joto lisitoke. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa nyingine iitwayo kabonimonoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikachukua nafasi zake. Na mlinzi? Haoni kitu. Kabonidayoksaidi inaendelea kutolewa nje kama kawaida, kwa hiyo uchachu hauongezeki. Walinzi wa shingoni nao hupima oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya damu, na hiyo haijapungua. Hakuna kutweta wala kukabwa. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuwa mzito, na familia nzima hulala wasiamke. Wapendwa, jiko hilo likae nje usiku. Ni afadhali baridi ya kutetemesha kuliko joto la namna hiyo. Mitume walitoka katika chumba kilichofungwa wakafungua milango. Nasi tufungue yetu.

Tunataka kumaliza kwa tukio moja la kweli, kwa kuwa linatuonyesha upande mwingine wa Pentekoste.

Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmaki, ulipatwa na mlipuko mkubwa wa ugonjwa wa polio. Ugonjwa huo uliwapooza wengi hata misuli ya kupumulia. Mlinzi alikuwa akiagiza, lakini wajumbe wake walikuwa wamekatwa njiani. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine saba tu za kusaidia kupumua, nazo hazikutosha wala hazikufaa sana. Katika majuma matatu ya kwanza, kati ya wagonjwa 31 waliosaidiwa kwa mashine hizo, 27 walifariki.

Ndipo alipoitwa daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen. Wenzake waliona jasho la wagonjwa na vipimo vya damu vyenye kutatanisha, wakafikiri kuna shida nyingine mwilini. Yeye alitambua kwamba ile hewa chafu ilikuwa imelimbikizana kwa sababu pumzi haitoshi. Tarehe 27 Agosti msichana wa miaka 12 alikuwa anakata roho. Alitobolewa tundu kooni, mpira ukapitishwa, na daktari akaanza kumpumulia kwa kuminya mfuko wa hewa kwa mkono. Msichana akaishi.

Lakini nani angeminya mifuko ya wagonjwa wote, mchana na usiku, kwa majuma na miezi? Waliitwa wanafunzi wa udaktari. Walikuja kwa zamu, mamia kwa mamia, hata wakafikia kama 1,500. Kila mmoja aliketi kando ya kitanda, akaminya, akaachia, akaminya, akaachia, huku akiutazama uso wa mgonjwa. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu tisa katika kila kumi, vikashuka hadi chini ya nusu. Kutokana na kazi ile zilizaliwa wodi za wagonjwa mahututi tunazozijua leo katika hospitali kubwa.

Tufikirie vijana wale. Walichokuwa nacho ni mikono, na utayari wa kutolala. Kile ambacho shina la ubongo hutufanyia pasipo kuombwa, wao walimfanyia mtu wasiyemjua, pumzi moja baada ya nyingine. Nasi tuliopewa Roho kwa pumzi ya Bwana, je, tumepewa ili tuihifadhi vifuani mwetu? Tumekwisha kuona kwamba pumzi isiyotolewa hugeuka kuwa mzigo.

Hivyo basi, juma hili tunawaomba mambo matatu. La kwanza, dirisha: kila nyumba iangalie hewa inapopita, na jiko la mkaa litolewe chumbani. La pili, saa: katika kila jumuiya ndogo ndogo awepo walau mtu mmoja anayejua kuhesabu pumzi za mtoto, na wazazi wamjue kwa jina. La tatu, miguu: mtoto akipita hesabu ile, jumuiya isimwache mama peke yake na swali lake. Mwenye baiskeli aitoe, mwenye pikipiki aiwashe, na asiye na chochote ashike taa atangulie mbele. Ubatizo wa dharura usicheleweshwe. Wala usiwe kisingizio cha kuahirisha safari. Neema ya Mungu haishindani na zahanati.

Mama yule alikuwa ameona. Aliuliza swali lililo sahihi, naye akamwuliza mtu aliyekuwa na saa. Tumemwombea mwanawe katika Misa zetu kila mwaka, hasa siku hii ya Pentekoste. Tangu somo lile la mtawa tumeitwa usiku mara nyingi, na kila mara, kabla ya kufungua chupa ya maji, tumefunua kifua cha mtoto na kuitazama saa dakika moja kamili. Wako watoto ambao usiku huo huo tuliwabeba hadi kwa mganga, nao wamekua, wengine wametuletea watoto wao tuwabatize.

Sasa tunyamaze kidogo. Vuta pumzi, ndugu yangu, ishushe taratibu. Hukuiomba, wala hukuilipia, na inayofuata nayo inakuja. Tumshukuru aliyeiweka, na tumsikilize yule aliye karibu nasi ambaye ya kwake inamwia vigumu.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.